SAMBUSA ZA JIBINI

1. Karamu ya Mbagala

Mtu akialika wageni nyumbani kwake, si desturi kuwakalisha bure mpaka wali upakuliwe. Kwanza huletewa kitu kidogo cha kutafuna, chenye chumvi na viungo, kipate kuamsha njaa bila kuimaliza. Katika mitaa ya Dar es Salaam, tangu Kinondoni na Magomeni mpaka Temeke na Mbagala, kitafunio cha namna hii kijulikanacho na kila mtu ni sambusa.

Sambusa ni msafiri wa siku nyingi. Jina lake lilitoka Uajemi, likapita kwa Waarabu, ndipo likafika kwetu. Katika mwaka 1226 mtu mmoja wa Baghdad aliandika kitabu cha upishi, na ndani yake akaeleza jinsi ya kuifanya. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, baadaye alikwenda Delhi katika Bara Hindi. Huko aliona sambusa zikiandaliwa katika karamu ya Sultani, zimejazwa nyama, lozi, vitunguu na viungo.

Sisi leo tutajifunza kuzijaza jibini, tena jibini tulilolifanya kwa mikono yetu wenyewe. Na ili tupate kujifunza vizuri, tusikie habari ya binti mmoja wa Mbagala. Kaka yake alikuwa amemaliza masomo, na jamaa 40 walialikwa kuja kumpongeza. Bibi yake akamwambia, "Mjukuu wangu, wewe sasa ni mkubwa. Vitafunio nakuachia wewe. Kila mgeni apate sambusa mbili." Binti akafanya hesabu akaona ya kuwa yampasa kufanya sambusa 80.

2. Jibini ni nini?

Maziwa ya ng'ombe, ingawa ni meupe na mazito machoni, kwa sehemu kubwa ni maji. Katika sehemu 100 za maziwa, karibu sehemu 87 ni maji; zilizobaki ni mafuta, sukari, chumvi za namna mbalimbali, na kile chakula kijengacho mwili kiitwacho protini. Protini iliyo nyingi kuliko nyingine katika maziwa huitwa kaseini. Vipande vyake ni vidogo mno, vyaelea katika maji bila kuonekana. Lakini ukitia kitu kikali kama maji ya ndimu katika maziwa ya moto, vipande hivyo hushikana, vikakamata na mafuta, vikawa madonge. Maji hujitenga. Madonge hayo yakichujwa na kukandamizwa ndiyo jibini.

Watu wa nchi nyingi wameijua kazi hii tangu zamani. Waethiopia wana jibini laini liitwalo ayibu. Wafugaji wa milima ya Masisi, mashariki ya Kongo, wanajulikana kwa jibini lao la mviringo liuzwalo mjini Goma. Hapa Tanzania, huko Njombe penye baridi, jibini limepata kufanywa kiwandani kwa namna za Kiitalia. Jibini hizo za Masisi na Njombe hazigandishwi kwa ndimu, bali kwa dawa ambayo asili yake ni tumbo la ndama anyonyaye. Nazo zikitiwa katika moto huyeyuka. Jibini la ndimu, ambalo Wahindi waliita paniri, haliyeyuki. Kwa sababu hiyo lafaa sana kwa sambusa, maana halitoki likamwagika katika mafuta ya moto.

3. Vitu vinavyotakiwa

Kwa sambusa 40 ndogo tafuta vitu hivi:

Maziwa mabichi, lita 5.
Maji ya ndimu, vijiko vya chakula 10.
Unga wa ngano, nusu kilo.
Vitunguu maji 3, pilipili mbichi 2, na fungu moja la kotmiri.
Bizari nyembamba iliyosagwa, kijiko kidogo kimoja, na pilipili manga kidogo.
Chumvi, na mafuta ya kukaangia.
Kitambaa safi cha pamba, kilichochemshwa na kuanikwa juani.

Binti wetu alitaka sambusa 80; basi alihitaji kila kitu mara mbili. Saa kumi na mbili asubuhi jirani afugaye ng'ombe alimletea ndoo mbili za maziwa, kila ndoo lita 5. Sufuria kubwa nyumbani ilikuwa moja tu. Bibi akamwambia, "Chemsha ndoo ya kwanza sasa hivi, uifunike na kuiweka kivulini. Ikiisha, chemsha na ya pili. Maziwa mabichi hayangoji mtu." Kisha bibi akaenda kwa shangazi kuazima sahani.

4. Kufanya jibini

Maziwa hutiwa katika sufuria juu ya moto wa wastani, na huku hukorogwa polepole kwa mwiko, yasishike chini. Yakiisha kuchemka na kupanda, sufuria huteremshwa. Hapo maji ya ndimu hutiwa kidogo kidogo, huku ukikoroga kwa upole. Mara utaona madonge meupe yakijitenga, na maji yaliyobaki yakiwa ya rangi ya kijani hafifu. Maji yakiwa bado meupe kama maziwa, ongeza ndimu kidogo. Yakiisha kuwa maangavu, acha, kwa maana ndimu ikizidi jibini huwa gumu na chachu.

Tandaza kitambaa juu ya chujio, weka bakuli chini yake, kisha mimina. Usiyamwage maji yaliyochujwa. Yana sukari na chumvi za maziwa, nayo yafaa kukandia unga. Osha madonge kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, ili ukali wa ndimu utoke. Funga kitambaa, kamua, ukiweke juu ya ubao safi, na juu yake uweke sufuria iliyojaa maji. Baada ya saa moja na nusu fungua. Katika lita 5 za maziwa utapata jibini kama robo tatu ya kilo.

Binti aliichemsha ndoo ya kwanza asubuhi ile ile, akaifunika kama alivyoagizwa. Kufika mchana aliichemsha tena, akatia ndimu, na jibini likatoka jeupe, limeshikana vizuri, halina harufu ila ya maziwa.

5. Ndoo ya pili

Lakini ndoo ya pili ilikuwa na habari yake. Asubuhi, baada ya kuchemsha ile ya kwanza, binti alikumbuka ya kuwa ndimu hazikutosha. Akaiacha ndoo ya pili wazi mlangoni, akapanda basi kwenda soko la Tandika. Huko alikutana na wenziwe, wakazungumza, na jua likapanda. Aliporudi ilikuwa saa sita, na ndoo ilikuwa juani.

Aliyatia maziwa yale jikoni kwa haraka. Hata kabla hajakamua ndimu moja, yaliganda yenyewe madonge madonge. Kwanza alifurahi, akasema moyoni, "Ndimu zimeokoka. Kuganda ni kuganda." Lakini alipoinama alisikia harufu asiyoijua, si ya maziwa wala ya mtindi. Wakati huo huo bibi akaingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndoo hii ilikuwa wapi tangu asubuhi?"

Binti akanyamaza. Angaliweza kusema ya kuwa ilikuwa kivulini, kwa maana hapakuwa na shahidi. Tena maziwa yalinunuliwa kwa fedha, na wageni walikuwa wakingojewa jioni. Mwisho alisema, "Bibi, niliiacha wazi mlangoni, nikakawia sokoni. Jua limeipata. Lakini sasa nimeyachemsha. Je, moto haukuyasafisha?"

Bibi akaketi, akamwambia, "Sikiliza, mjukuu wangu. Maziwa ya ndimu umeyagandisha wewe, nawe wajua ulichotia. Mtindi nao huganda kwa vijidudu vizuri tuvijuavyo, katika chombo safi. Lakini haya yameganda kwa kazi ya vijidudu ambavyo hatukuviita wala hatuvijui. Vipo vijidudu ambavyo, vikiisha kuzaliana katika chakula, huacha sumu ndani yake. Moto utaviua vijidudu, lakini sumu yao haiondoki kwa kuchemsha. Mtu akiila, baada ya saa chache hutapika na kuendesha. Leo wanakuja wazee na watoto wadogo. Mgeni hala alichokiona kikipikwa. Hula kwa kumwamini mwenyeji."

"Basi tufanyeje, bibi? Fedha imekwenda."

"Wahenga walisema, Rahisi huvunja upishi. Fedha imwagike, wageni wabaki wazima. Kamwage."

Binti akayachukua maziwa yote mpaka shimo la taka, akayamwaga na kuyafukia, asipewe hata paka. Akaiosha sufuria kwa sabuni na maji ya moto, na mikono yake vile vile. Machozi yalimlengalenga, lakini bibi hakumkaripia tena. Alimwambia tu, "Umesema kweli, nasi tumejua la kufanya. Ungalisema uwongo, tungalijua usiku. Sasa kamenye viazi."

6. Kujaza, kukunja na kukaanga

Walichemsha viazi mviringo robo tatu ya kilo, wakaviponda, wakavichanganya na jibini lililokuwako. Hivyo ujazo ukatosha sambusa 80. Ikumbukwe basi: jibini likipungua, viazi hulisaidia, wala ladha haiharibiki.

Ujazo hufanywa hivi. Vunjavunja jibini kwa vidole safi. Katakata vitunguu, pilipili na kotmiri vidogo vidogo. Tia bizari, pilipili manga na chumvi, uchanganye, kisha uonje. Usitie vitunguu mapema sana, maana hutoa maji na kuulowanisha ujazo.

Manda, yaani karatasi za unga, hufanywa hivi. Tia chumvi kidogo katika unga nusu kilo, ukande kwa yale maji ya jibini mpaka uwe mgumu kiasi. Ufunike nusu saa. Ugawe madonge 10, usukume kila donge liwe kama kisahani. Paka mafuta na kunyunyiza unga, uyapange matano matano, moja juu ya jingine. Kisha usukume kila fungu kwa pamoja mpaka liwe pana na jembamba. Liweke juu ya chuma cha chapati, dakika moja kila upande, lisiwe jekundu. Likate vipande vinne, na huku likali moto ubandue kurasa zake moja moja. Madonge 10 mara vipande vinne ni manda 40.

Chukua manda moja, ukunje iwe kifuko cha pembe tatu, utie kijiko kimoja cha ujazo, ufunge mdomo kwa uji mzito wa unga. Pembe zote zizibwe vizuri, mafuta yasiingie. Pasha mafuta, tupa kipande kidogo cha unga ndani yake, na kikipanda juu huku kikitoa mapovu, mafuta yako tayari. Kaanga chache chache, uzigeuze, mpaka ziwe za rangi ya dhahabu. Zichujwe, ziandaliwe zikali moto pamoja na vipande vya ndimu.

Ujazo huu hauwekwi mpaka kesho bila barafu. Jibini la ndimu lina maji mengi, nalo katika joto la pwani huharibika upesi. Lifanywe siku ya karamu, liliwe siku hiyo hiyo.

7. Jioni ile

Wageni walikuja, wakala, wakasifu. Mzee mmoja aliuliza kama hakuna sambusa ya tatu. Hakuna aliyejua habari za ndoo iliyomwagwa, wala hapakuwa na haja ya kujua. Bibi alimtazama mjukuu wake kutoka upande wa pili wa ukumbi, akatikisa kichwa kidogo, kama mtu asemaye, Vyema.

Mpishi husifiwa kwa chakula kilichofika mezani. Lakini mara nyingine kazi yake iliyo kubwa ni kile alichokataa kukileta.

MASWALI

1. Kwa nini jibini la ndimu lafaa kwa sambusa kuliko jibini liyeyukalo?
2. Katika sehemu 100 za maziwa, karibu sehemu ngapi ni maji?
3. Eleza tofauti ya maziwa yaliyogandishwa kwa ndimu, mtindi, na maziwa ya ndoo ya pili.
4. Kwa nini kuchemsha hakukutosha kuyaponya maziwa yale?
5. Binti alikosea katika mambo gani, na alifanya vema katika jambo gani?
6. Ukitaka sambusa 120, utahitaji maziwa lita ngapi na unga kiasi gani?
7. Andika kwa maneno yako maana ya methali "Rahisi huvunja upishi."

KAZI YA MIKONO

Pamoja na mama au bibi, chemsha lita moja ya maziwa, uyagandishe kwa vijiko viwili vya maji ya ndimu. Pima jibini ulilopata, uandike uzito wake katika daftari, uulinganishe na wa wenzako.