Mbwa Amekufa, na Bibi Anauliza Yuko Wapi



Wapendwa vijana, somo la leo limetokana na swali. Binti mmoja aliliuliza mwishoni mwa kipindi chetu cha vijana, wakati wengine wameshaanza kupanga viti. Babu yake anamuuguza bibi mwenye ugonjwa wa kusahau, ule ambao madaktari wanauita dimensia. Walikuwa na mbwa, Simba, waliyekaa naye miaka kumi na mitatu. Simba amekufa. Babu analia. Bibi kila asubuhi anauliza, "Simba yuko wapi?" Binti akataka kujua mambo matatu: Je, babu anakosea kumlilia mnyama namna hiyo? Anaweza kumwombea Simba Misa? Na bibi ajibiwe nini?

Wawili watatu walicheka pale. Ninaelewa kwa nini. Kwetu mbwa ni mlinzi, analala nje, akifa anazikwa nyuma ya migomba na maisha yanaendelea. Hata lugha yetu inatenganisha: mtu hufariki, mbwa hufa. Lakini lile swali si la kuchekesha hata kidogo, na nitajaribu kulijibu polepole.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa kifupi. Dimensia siyo uzee wa kawaida, siyo "kurudia utoto", na kwa hakika siyo uchawi. Nalisema hili la mwisho kwa sababu hapa Tanzania kuna akina bibi waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na bibi anayetoka usiku wa manane, anayegonga mlango wa jirani akidhani ni kwake, ni rahisi sana kushukiwa. Ni magonjwa ya ubongo. Linaloongoza ni Alzeima, lililopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, aliyemweleza mgonjwa wake wa kwanza wa aina hiyo mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na dimensia, na wengi wao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu, ambako anayeuguza ni mwenzi wa ndoa au binti wa nyumbani.

Sasa mwangalie huyu babu. Mke wake yupo, anakula, anatembea, anacheka. Lakini siku nyingine anamwita babu kwa jina la kaka yake aliyekwishafariki. Siku nyingine anamwuliza, "Wewe mzee, kwenu wapi?" Jioni hawaongei tena habari za watoto na shamba, maana kila habari inaishia njiani. Aliyebaki wa kumpokea babu getini, akimjua kwa mlio wa hatua zake kabla hata hajagusa komeo, alikuwa Simba. Yaani ndani ya ile nyumba, kwa miaka ya mwisho, anayemtambua babu kila siku bila kukosea alikuwa mbwa. Na kulikuwa na kazi nyingine. Bibi alipofungua mlango usiku, Simba alibweka, na babu akaamka. Bibi alipotoka mchana, Simba alimfuata, na wajukuu wakimwona Simba barabarani walijua bibi yuko karibu.

Kwa hiyo babu hajapoteza "mbwa tu". Amepoteza mlinzi wa mke wake na rafiki wake wa mwisho anayemkumbuka.

Kuna kitu kingine, na mimi nadhani ndicho kizito zaidi. Kwetu msiba una utaratibu. Mtu akifariki watu wanakuja, wanakaa kwenye mikeka, wanapika, wanatoa rambirambi, jumuiya inasali Rozari. Mfiwa habebi peke yake. Lakini mke ambaye yuko hai na hakutambui, msiba wake unakaa wapi? Hakuna matanga ya kumbukumbu. Ukilia, watu wanakuambia, "Mshukuru Mungu, mama bado yupo." Na mbwa naye hana matanga. Ukilia, watu wanacheka. Babu ana majonzi mawili na hakuna hata moja ambalo mtu amekuja kukaa naye mkekani. Ndiyo maana nashuku kwamba machozi yake kwa Simba si ya Simba peke yake. Kifo cha mbwa kimefungua mlango ambao alikuwa ameushikilia kwa miaka.

Je, anakosea? Katekisimu ya Kanisa Katoliki inagusa jambo hili kuanzia namba 2415 hadi 2418. Inafundisha kwamba wanyama ni viumbe wa Mungu, kwamba tunawiwa wema kwao, na inatukumbusha upole wa watakatifu Fransisko wa Asizi na Filipo Neri. Inaruhusu kuwapenda wanyama. Lakini inakataza kuwapa upendo ule unaowastahili watu tu. Huo mpaka ni muhimu, na yupo anayeuvuka, akimnunulia mbwa nyama huku mtoto wa dada yake amekosa ada. Babu hakuuvuka. Simba hakuchukua nafasi ya bibi. Simba alimsaidia kubaki na bibi.

Biblia yenyewe haioni aibu na hili. Nabii Natani alipotaka kumfikisha Daudi kwenye toba (2 Samweli 12), hakuanza na sheria. Alianza na hadithi ya maskini na kondoo wake mmoja mdogo, aliyelishwa kwenye chakula cha bwana wake na kulala kifuani pake. Daudi akawaka hasira kwa ajili ya huyo kondoo. Natani hakumwambia, "Mfalme, ni kondoo tu." Na sisi Wakatoliki tuna kitabu cha Tobiti, ambacho ndugu zetu Waprotestanti wengi hawanacho katika Agano la Kale lao. Humo kuna mzee kipofu, mke wake Anna, mwana wao Tobia, malaika Rafaeli, na mbwa. Ndiyo, mbwa. Anatajwa wanapoondoka safari na anatajwa tena wanaporudi, sura ya 11. Hafanyi muujiza wowote. Anafuata tu. Katika tafsiri ya Kilatini ya Mtakatifu Yeronimo anatangulia mbele akitikisa mkia, kama mpeleka habari. Nimependa siku zote kwamba katika nyumba ile ya wazee wawili wenye mateso, mwandishi mtakatifu hakuona mbwa ni jambo dogo la kurukwa.

Kuhusu Misa. Kanuni ya 901 ya Sheria za Kanisa inampa padre uhuru wa kutolea Misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au marehemu. Mtu. Simba hana dhambi za kusamehewa wala haitaji kutakaswa, kwa hiyo nia ya Misa kwa ajili ya mbwa haina mahali. Lakini nia ya Misa kwa ajili ya babu katika majonzi yake na bibi katika ugonjwa wake inapokelewa kwa mikono miwili, na bahasha zipo ofisini kwa paroko. Kumzika Simba kwa heshima na kusema sala ya shukrani kwa Muumba hakuna ubaya wowote.

"Lakini atakuwepo mbinguni?" Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba roho ya mnyama haisimami yenyewe bila mwili, tofauti na ya binadamu, na hoja yake ni nzito. Kwa upande mwingine Mtakatifu Paulo, Warumi 8, anaviona viumbe vyote vikingojea ukombozi kwa uchungu, na Papa Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015, namba 243, anaungoja ulimwengu ambamo kila kiumbe kitakuwa na nafasi yake, kimegeuzwa na kung'aa. Kanisa halijatoa tamko kuhusu mbwa mmoja mmoja. Msimwahidi babu, na msimvunje moyo.

Sasa swali gumu. "Simba yuko wapi?"

Kumwambia bibi kila asubuhi kwamba Simba amekufa ni kumfiwisha kila asubuhi. Anasahau habari, lakini machungu yake ni mapya kila mara, na huzuni inaweza kubaki mwilini hata sababu ikishafutika. Kumwambia "ametoka, atarudi" ni uongo. Wapo watakaosema uongo wa huruma si uongo. Mtakatifu Augustino asingekubali. Katika kitabu alichoandika dhidi ya uongo, yapata mwaka 420, anaweka mfano unaofanana kabisa na huu: mgonjwa mahututi anauliza kama mwanawe yu hai, na mwana amekwisha kufa, na habari hiyo yaweza kumuua. Ufanye nini? Kinachonigusa ni kwamba Augustino hajifanyi ni rahisi. Anakiri jinsi moyo unavyovutwa. Halafu anashikilia: tusiseme uongo.

Lakini kutosema uongo siyo lazima kusema kila kitu. Katekisimu, namba 2488 na 2489, inafundisha kwamba haki ya kuambiwa ukweli ina mipaka yake, na kwamba upendo kwa jirani ndio unaopima nini kisemwe na nini kinyamaziwe. Basi mimi ningewashauri hivi. Mara ya kwanza, bibi aambiwe, kwa upole, ameshikwa mkono, kwa sababu Simba alikuwa wake pia na machozi hayo ni haki yake. Baada ya hapo msijibu maneno, jibuni kinachoulizwa. Bibi anapouliza Simba yuko wapi, mara nyingi anasema: kuna kitu kimepungua humu ndani. "Bibi, unamkumbuka Simba? Alikupenda sana. Alikuwa anakufuata mpaka kisimani." Yote hayo ni kweli. Na unakuta ameanza kusimulia kisa cha Simba na kuku wa jirani, na swali limepita. Akisisitiza kabisa, anataka kujua, basi ukweli mfupi, na ukae naye.

Na babu, akiwa hajalala usiku kucha, akisema "atarudi"? Thoma anauweka uongo wa kumsaidia mtu, usiomdhuru yeyote, katika dhambi ndogo. Nisingependa kijana aliyelala saa nane kamili aende kumsahihisha mzee aliyelala saa mbili.

Kuna wazo moja nililokutana nalo nikisoma falsafa ambalo linaumiza familia za namna hii bila wao kujua. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, aliufunga utambulisho wa nafsi kwenye ufahamu wa mtu juu ya mambo aliyoyatenda zamani. Likichukuliwa mpaka mwisho, bibi anayesahau siyo tena yule aliyefunga ndoa. Ndicho watu wanachosema mtaani bila kumsoma Locke: "Bibi wetu alishaondoka zamani, huu umebaki mwili." Mimi silikubali. Boesio, mwanzoni mwa karne ya 6, aliitafuta nafsi katika kile ambacho mtu ni, siyo katika kile anachoweza kukumbuka leo. Thoma akamfuata, na aliujua ugonjwa huu kwa namna yake: katika Summa, sehemu ya kwanza, swali la 84, anaandika kwamba kiungo cha mwili kinachotumika kukumbuka kikiharibika, mtu huzuiliwa kufikiri hata yale aliyoyajua tangu zamani. Anazuiliwa, lakini haondoki. Ngoma ikipasuka, mpigaji hajafa.

Kwa hiyo ahadi ambayo babu aliitoa altareni bado ina mtu wa upande wa pili. Haikuwa na sharti la kutambuliwa.

Na bibi naye hajatoka katika kumbukumbu ya Mungu. Isaya 49 inasema hata mama akimsahau mtoto wake, Mungu hasahau. Katika Luka 12 Yesu anazungumzia shomoro wanaouzwa watano kwa senti mbili, na anasema hakuna hata mmoja anayesahauliwa mbele za Mungu. Tazama anazungumzia wanyama na kusahau katika sentensi moja.

Mnaweza kufanya nini? Msikimbilie kumletea babu mbwa mpya. Muulizeni kwanza. Mwombeni paroko aje na Mpako wa Wagonjwa, kwa kuwa sakramenti hiyo haisubiri mtu akate roho. Imbeni na bibi nyimbo za kanisani za ujana wake, maana nyimbo na sala za utotoni mara nyingi hukaa hata majina yakiondoka. Unaanza Salamu Maria, na yeye anaimalizia. Waambieni jumuiya waende kukaa na babu jioni moja, na mtu amruhusu ataje jina la Simba bila kucheka. Wekeni kengele mlangoni, ile kazi ya Simba sasa haina mtu. Na gawaneni zamu za usiku, ili bibi akiamka saa tisa na kuuliza mbwa wake yuko wapi, anayeinuka uwe wewe, na babu aendelee kulala.