MATOLEO YA MS-DOS: LIPI LILIMLINDA KARANI?



Somo hili ni juu ya MS-DOS, programu kuu iliyoendesha kompyuta za mezani kabla kipanya na picha havijaenea. Karani aliona skrini nyeusi, akaandika amri kwa herufi, na mashine ikatii. Ilitii hata amri ya makosa. Kama ndani yake imo orodha ya mishahara, jambo hilo si la karani peke yake, ni letu sote. Ndiyo maana tunapolinganisha matoleo yake tunauliza: lipi lilimlinda mtu aliyekosea?

Mwaka 1980 Tim Paterson wa Seattle Computer Products, kampuni ndogo ya Marekani, aliandika programu iliyoitwa 86-DOS. Julai 1981 Microsoft ilinunua haki zake kwa dola 50,000, na Agosti IBM ikaanza kuuza kompyuta zake za mezani zikiendeshwa nayo. Hesabu ya faida iliyofuata mtaifanya wenyewe.

Katika toleo la 1 mafaili yote yalikaa pamoja kama magunia yasiyopangwa. Toleo la 2, mwaka 1983, lilileta mafolda na kukubali diski ngumu ya megabaiti 10. Sasa mishahara ikatengwa na hesabu za stoo. Toleo la 3 lilitoka 1984. La 4, mwaka 1988, liliruhusu sehemu moja ya diski kupita megabaiti 32, lakini lilikula kumbukumbu nyingi, na wengi walibaki na 3.3. Tunaona walifanya vyema.

Ulinzi wa kweli ulikuja 1991 na toleo la 5, lenye amri ya UNDELETE. Tuelewe inavyofanya kazi. Ukifuta faili kwa DEL, mashine haifuti maandishi yenyewe. Inaondoa herufi ya kwanza ya jina na kuweka alama, kisha inahesabu nafasi ile kuwa wazi. Ndiyo sababu UNDELETE hukuuliza herufi ya kwanza. Lakini ukiweka kazi mpya kwenye diski kabla ya kuitumia, kazi hiyo yaweza kukalia nafasi ile, na la zamani limekwisha.

Hata hivyo COPY ilibaki hatari. Ukinakili faili mahali penye jingine la jina lile lile, la zamani lilipotea kimya kimya. Mishahara ya Januari yaweza kufunika ya Februari hivyo hivyo! Ni toleo la 6.2 la mwaka 1993 lililoanza kuuliza kwanza. Miaka kumi na miwili kwa swali moja dogo! Tena haliulizi pale COPY inapotumwa na faili la amri zilizopangwa tayari.

Toleo la 6 lilileta pia DoubleSpace ya kubana mafaili. Watu walilalamika kupoteza kazi zao, na kampuni ya Stac ikashinda kesi ya hataza mwaka 1994. Toleo la 6.21 likaiondoa, la 6.22 likaleta DriveSpace badala yake.

Palipo na mashine ya namna hii bado, andika VER usome namba. Ikiwa chini ya 6.2, andika DIR kwanza uone kama jina lile lipo, ndipo utumie COPY. Na nakala ya mishahara ikae kwenye disketi ya pili, katika chumba kingine.