Ndugu wa Mfuko Mmoja

Andiko: Mwanzo 13:5-12, Wagalatia 5:13-15

Wiki hii mwalimu wetu ni buibui, yule yule unayemfagia kwenye mabati kila Jumamosi.

Mama buibui hufuma mfuko wa hariri akataga mayai ndani yake, na kwa aina nyingine ni mamia. Vitoto vikianguliwa huishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni. Vikitoka nje hukaa siku kadhaa vimesongamana, na havidhuriani. Ukiviona utasema hapa kuna upendo. Lakini ile akiba ikiisha na chakula kikose, aliye mkubwa kidogo humkamata ndugu yake akamla. Si adui wa nje. Ni wa mfuko ule ule.

Mimi nimesomea biashara, kwa hivyo naona hesabu hapo. Amani ilikuwepo kwa sababu akiba ilikuwepo. Je, huo ulikuwa upendo, au ilikuwa shibe tu?

Sasa tuje nyumbani. Kawangware, mzee anaacha ploti moja yenye vyumba kumi na viwili vya mabati. Akiwa hai, wote walikula kodi kupitia mkono wake. Akishazikwa tu, kifungua mimba anabadilisha kufuli na kuwaambia wapangaji watume M-Pesa kwake. Dada akiuliza anaambiwa, "Wewe umeolewa, hapa huna chako." Kibera ni vigumu zaidi, maana sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali na mwenye nyumba hana hati. Anayewahi funguo ndiye mwenye nguvu.

Na tusiseme haya ni ya wasiookoka. Wengine wanaimba kwaya moja.

Kuhusu huyo dada, tusimdanganye. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 38, inasema mzazi akifa bila wosia na bila kuacha mke au mume, mali igawiwe watoto sawasawa. Haijasema aliyeolewa atoke.

Buibui wana njia nyingine. Vitoto vingi hupanda mahali pa juu, hutoa uzi, upepo ukavibeba, kila kimoja kikatafute pake. Ndivyo Abramu alivyofanya. Nchi haikutosha mifugo yake na ya Lutu, wachungaji wakagombana. Angalia vizuri: aliyekuwa mkubwa ndiye aliyemwachia mdogo achague kwanza! Na hawakuachana kwa chuki, kwa sababu kwenye sura ya 14 Lutu anapotekwa, Abramu anamfuata na watu 318.

Jumatano kwenye sela, kila familia yenye nyumba za kupangisha ije na daftari la kodi. Kama hakuna daftari, njoo na jina la anayepokea hizo pesa. Wazazi mlio hai, leteni swali la wosia, msiogope, kuandika hakuui mtu. Na ndugu ambao hamsalimiani, nitakuwa ofisini na mama mchungaji baada ya ibada ya pili. Mlango tutafunga.