JE, MNYAMA HUYU ANANIFAA, NAMI NAMFAA?

Wengi wetu tumezoea kujifunza habari za wanyama kwa ajili ya mtihani: huyu ana meno mangapi, yule huzaa au hutaga, na kadhalika. Lakini liko swali moja ambalo sikuliona katika kitabu changu cha Biolojia, nalo ni hili: mtu afanyeje ili ajue kama mnyama fulani amfaa kumfuga? Napenda kueleza jinsi tulivyolijibu swali hilo nyumbani kwetu Kisanga, wilaya ya Kilosa, kwa sababu hapo kwanza niliwahi kulijibu vibaya, na kosa langu likamliza mtoto.

Chanzo cha swali

Nina mdogo wangu wa kike mwenye umri wa miaka tisa. Siku moja aliona katika simu ya mjomba picha ya mnyama mdogo wa mviringo, mwenye macho meusi, ameketi katika kiganja cha mtu akila mbegu. Akaambiwa kwamba huyo ni hamsta kibete. Tangu siku hiyo hakuwa na neno jingine. Nilipofika nyumbani likizo ya Desemba, kabla sijatua sanduku langu, alinishika mkono akasema, "Shikamoo kaka. Umeniletea hamsta wangu?"

Nikamjibu, "Marahaba. Ngoja kwanza nimsome."

Hamsta kibete ni mnyama gani?

Shule ilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa Biolojia, naye akanisaidia kutafuta habari. Hamsta ni mmoja wa wanyama wagugunaji, ambao meno yao ya mbele hayakomi kukua, kama vile panya na kindi. Hamsta kibete ana urefu wa sentimita 5 hadi 10 tu, na uzito wake ni kama gramu 20 hadi 50, hata mkubwa wao hapiti yai la kuku. Asili yake ni nyika za Mongolia, Siberia, Kazakhstan na kaskazini ya China. Mashavuni ana mifuko ambayo hubebea chakula mpaka shimoni kwake. Maisha yake ni mafupi, yapata miaka 2.

Baada ya kusoma hayo niliona mambo matatu. Kwanza, mnyama huyu ameumbwa kwa nchi za baridi, na joto lipitalo nyuzi 30 laweza kumwua. Wasomaji wanaoujua mwezi wa Desemba wa Kilosa hawahitaji kuelezwa zaidi. Pili, hamsta huamka usiku, saa ambayo mtoto wa miaka tisa amelala. Akiamshwa mchana kwa nguvu ili achezewe, huuma. Tatu, katika nchi yetu hakuna hamsta wa mwituni, kwa hiyo angepasa kununuliwa mbali na kuletwa kwa basi ndani ya kisanduku, katika joto lile lile. Kwa mdogo wangu ingekuwa zawadi, lakini kwa hamsta ingekuwa adhabu.

Panya buku wa shambani

Likizo ya mwezi wa Juni tulikuwa tukivuna mahindi, tukamwona mtoto wa panya buku penye ukingo wa shamba. Mjomba alimtazama kama kitoweo, na mdogo wangu akamtazama kama rafiki. Mimi nilidhani nimepata hamsta wa kwetu, maana panya buku naye ana mifuko mashavuni.

Sikudhani hivyo bure. Katika mkoa wetu wa Morogoro wako panya buku waliosifiwa duniani kote. Shirika la APOPO lilianzishwa mwaka 1997 na Mbelgiji Bart Weetjens, ambaye utotoni mwake alikuwa mfugaji wa hamsta. Shirika hilo, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na pia kutambua kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Mmoja wao, jina lake Magawa, alizaliwa Tanzania mwaka 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, na huko akagundua mabomu na zana za vita zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza, na mwezi wa Januari 2022 akafa kwa uzee.

Lakini nilikumbuka maneno ya mwalimu. Panya hawa wa mafunzo hawaokotwi shambani. Huzaliwa katika vizimba vya shirika, huzoeshwa watu tangu wakiwa na majuma machache, kisha hufundishwa kwa muda wa miezi 9 hivi na watu wanaoijua kazi hiyo. Upole wao ni matunda ya kazi ya kila siku. Huyu wetu wa shambani angekua akafikia kilo moja au zaidi, akiwa na meno makali na hofu ya mwituni.

Tena kuna hatari ya maradhi. Mwaka 2003 wanyama wadogo wapatao 800 walisafirishwa kutoka Ghana mpaka Marekani ili wauzwe kwa watu wa kuwafuga, na miongoni mwao walikuwamo panya buku. Baadhi yao walikuwa na virusi vya mpox. Wakawaambukiza wanyama wengine waliowekwa karibu nao, na wanyama hao wakawaambukiza watu. Watu 47 walihesabiwa kuwa wameugua. Hakufa mtu, lakini Marekani ikakataza kuingiza wagugunaji kutoka Afrika. Hapa kwetu nako, mwaka 2022, homa ya mgunda ilizuka mkoani Lindi ikaua watu 3. Vijidudu vya homa hiyo huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwamo.

Basi tukamwacha yule mtoto wa panya buku karibu na shimo, pale pale tulipomwona. Tukaenda kunawa mikono kwa sabuni.

Maswali manne

Kutokana na hayo nimepata maswali manne ambayo kila mtu yampasa ajiulize kabla ya kufuga mnyama, awe mdogo au mkubwa:

1. Je, hali ya hewa yetu na nyumba yetu vyamfaa?
2. Je, chakula chake hupatikana mwaka mzima?
3. Je, nani atamtunza wakati mimi sipo?
4. Je, akiugua au akizaa, tutafanya nini?

Kwa mwanafunzi wa bweni swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Nilipokuwa Kidato cha Pili nilinunua sungura kwa fedha yangu, nikamwambia mdogo wangu, "Huyu ni wetu sote." Kisha nikarudi shuleni. Sikuziba paa la banda, sikumwonyesha majani ya kumpa, wala sikumwomba mtu mzima awe mwangalizi. Masika yalipoanza banda likalowa, na asubuhi moja mdogo wangu akamkuta sungura amekufa.

Tulipokuwa tukinawa mikono siku ile ya panya buku, ndipo mdogo wangu aliponiambia jambo ambalo alikuwa amelificha muda wote huo. Alisema, "Kaka, yule sungura nilimwua mimi. Jana yake nilisahau kumpa maji." Nilishindwa kusema kwa kitambo. Kisha nikamweleza kwamba kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilijipa mimi furaha ya kununua nikamwachia yeye mzigo wa kutunza. Nadhani alinielewa, lakini ningalimwambia hayo mapema kama ningalimwuliza.

Tulivyoamua

Baada ya kuzungumza na mama tumemchagua simbilisi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini, na ambaye hufugwa sana Iringa na Mbeya. Huwa macho mchana, na hula majani. Mwili wake, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C, kwa hiyo lazima apate majani mabichi kila siku. Hapendi kukaa peke yake, wala hawezi jua kali, kwa hiyo banda lake lazima liwe kivulini. Huishi miaka 5 hadi 8, maana yake ni kwamba huweza kupita miaka yote minne ya sekondari.

Lakini mpaka leo hatujanunua. Banda tulilijenga pamoja chini ya mwembe kabla sijarudi shuleni. Mama amekubali kuwa mwangalizi, na mdogo wangu amejizoeza kukata majani kila jioni, ingawa hakuna wa kuyala isipokuwa mbuzi wa jirani. Nikimaliza mtihani wangu mwezi wa Novemba nitarudi nyumbani ningojee mvua. Paa lisipovuja tutanunua majike wawili, ili wasizaane tukashindwa kuwalisha. Likivuja tutaliziba kwanza.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Katika ufugaji naona ni kinyume chake: asiyechagua kwa makini si mfugaji. Ndugu msomaji, usiishie kuuliza kama mnyama anakufaa. Uliza pia kama wewe unamfaa.

Maswali ya kujipima

1. Taja sababu mbili zilizofanya hamsta kibete asifae kufugwa nyumbani kwa mwandishi.
2. Eleza tofauti kati ya panya buku wa mafunzo na yule aliyeonekana shambani.
3. Chagua mnyama mmoja anayefugwa nyumbani kwenu, umjibie yale maswali manne. Swali la tatu lijibu mbele ya yule atakayebaki nyumbani wewe ukiwa shuleni.