Miji Midogo ya Ulaya: Ukifika, Lala Huko

Tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu safari za Ulaya nje ya miji mikuu. Haya hapa, na majibu ya mwandishi wetu wa safari.

Viza yenyewe nimeihangaikia miezi. Kwa nini niitumie kwa mji ambao hata jirani yangu hajausikia, badala ya Paris na Roma? (Msomaji, Moshi)

Nenda Paris, sikuzuii. Ninachokukataza ni kuchukua siku kumi ukazigawa kwa miji mikuu mitano, maana ukirudi nyumbani utakuwa na picha nyingi za foleni na vituo vya treni. Chagua mji mkuu mmoja. Siku zinazobaki panda treni ya saa moja au mbili, ukae mahali ambapo unatoka chumbani hadi sokoni kwa miguu, na muuza mkate anakukumbuka siku ya pili.

Tena, mingi ya miji hii si midogo kwa asili. Brugge ilikuwa kati ya bandari tajiri za kaskazini mwa Ulaya, mpaka mkono wa bahari ulioitwa Zwin ulipojaa mchanga na biashara ikahamia Antwerpen. Wenyeji wakabaki na nyumba nzuri na mifuko mitupu, na mtu asiye na pesa habomoi nyumba ya babu yake ili ajenge mpya. Évora ya Ureno ilikuwa ikikaliwa na wafalme mara kwa mara, kisha mambo yakapoa. Görlitz, mashariki kabisa mwa Ujerumani, ilinusurika mabomu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia huku miji mikubwa ikiteketea. Ukitaka kujua mji mdogo utapendeza au la, uliza ulitajirika lini na fedha ziliondoka lini.

Brugge au Gent? Nina usiku tatu tu Ubelgiji. (Msomaji, Nairobi)

Lala Gent zote tatu. Brugge ni nusu saa hivi kwa treni, na treni za Ubelgiji hazihitaji kuweka nafasi ya kiti. Siku ya Brugge amka mapema, ufike kabla ya saa tatu asubuhi. Saa hiyo mifereji imetulia na wenye maduka ndiyo kwanza wanafungua. Baadaye huanza kumiminika mabasi, pamoja na abiria wa meli za kitalii zinazotia nanga Zeebrugge, na barabara nyembamba zinajaa hadi jioni. Ukishaiona sanamu ya Bikira Maria na Mtoto iliyochongwa na Michelangelo katika kanisa la Onze-Lieve-Vrouw, waachie watalii mji wao urudi Gent.

Gent ina chuo kikuu kikubwa, kwa hiyo hata watalii wakiondoka mji haulali. Na katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Bavo kuna kitu ambacho mimi ningesafiri kwa ajili yake peke yake: picha ya madhabahu ya ndugu wawili, Hubert na Jan van Eyck, iliyokamilika mwaka 1432. Imechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya mbao zenye bawaba, zinazofunguka kama milango ya kabati. Katikati yuko Mwanakondoo, na nyasi alizosimama juu yake zimechorwa kwa makini hadi majani ya mimea yanatambulika moja moja. Picha hiyo imeandamwa na misukosuko. Wanajeshi wa Ufaransa walichukua sehemu yake wakaipeleka Paris. Wanazi waliiiba, ikapatikana mwaka 1945 katika mgodi wa chumvi huko Austria. Ubao mmoja, ule wa Mahakimu Waadilifu, uliibwa usiku mmoja wa Aprili 1934 na mpaka leo haujaonekana. Unaouona pale ni nakala. Nunua tiketi ya saa maalumu mapema, na usiende ukiwa na haraka.

Alhamisi utakuta migahawa mingi ikisisitiza vyakula visivyo na nyama. Ni utaratibu ambao mji umeuhimiza tangu 2009. Kama huwezi kuishi bila nyama, jipange.

Italia imejaa watu. Kuna mji mmoja tu wa Toscana ambao ungenishauri? (Msomaji, Dodoma)

Lucca. Uko chini ya saa moja na nusu kwa treni kutoka Firenze, na kama nusu saa kutoka Pisa. Ngome yake ya karne ya 16 na 17 bado imeuzunguka mji wote, kilomita nne na ushee, na juu yake si ukuta mwembamba wa kuchungulia bali ni barabara pana yenye miti, ambako watu hukimbia, hukodi baiskeli, husukuma watoto. Ilijengwa kwa hofu ya jirani, Firenze, lakini haikuwahi kuzingirwa na jeshi. Adui aliyekuja kweli alikuwa maji: mwaka 1812 mto Serchio ulifurika, malango yakafungwa, na kuta zikauokoa mji.

Lucca ilijitawala kama jamhuri kwa karne nyingi, ikiishi kwa hariri na benki, hadi Napoleon alipofika na kumkabidhi dada yake, Elisa. Ndani ya mji uwanja wa Anfiteatro una umbo la yai, kwa sababu nyumba zake zimejengwa juu ya mabaki ya uwanja wa michezo wa Warumi. Mnara wa Guinigi una mialoni iliyoota kileleni. Ngazi zipo zaidi ya mia mbili na hakuna lifti. Mtunzi wa opera Giacomo Puccini alizaliwa hapa mwaka 1858, na sanamu yake imekaa kwenye kiti mbele ya nyumba yao, mguu juu ya mguu, sigara mkononi.

Mambo mawili ya kuangalia. Ukinunua tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa, igonge kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda, la sivyo utalipa faini hata kama tiketi unayo. Na usiende mwishoni mwa Oktoba bila chumba: kuna tamasha la vibonzo na michezo linalojaza mji hadi vitanda vya majirani.

Assalaam alaykum. Sisi ni familia ya Kiislamu, na chakula hutusumbua kila tukisafiri. Kuna mji wa Ulaya ambao hatutahangaika? (Msomaji, Mombasa)

Waalaykum salaam. Nendeni Mostar, Bosnia na Herzegovina. Upande wa mji wa kale mtasikia adhana, na sahani ya kawaida ni ćevapi, nyama ya kusaga iliyochomwa na kuliwa na mkate wa moto na vitunguu. Upande wa magharibi wa mji wakazi wengi ni Wakatoliki na nguruwe hupikwa, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuagiza, kama mnavyouliza kwingine.

Daraja lake la mawe lilikamilika mwaka 1566 chini ya msanifu wa Kiosmani, Mimar Hayruddin. Tao moja tu, limeruka mto Neretva wenye maji ya kijani. Tarehe 9 Novemba 1993, wakati wa vita, mizinga ya vikosi vya Wakroatia wa Bosnia ililiangusha. Lilijengwa upya kwa mtindo ule ule na kufunguliwa tena 2004. Vijana wa mji huruka kutoka juu yake hadi mtoni, zaidi ya mita 20, baada ya kuzungusha kofia kukusanya pesa. Watoto wenu watataka kujaribu. Wakatazeni.

Kutoka Sarajevo kuna treni ya kama saa mbili inayofuata bonde la Neretva, na sijui njia ya reli ya bei ndogo inayoishinda kwa mandhari. Ila Bosnia haimo katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mkitokea Croatia mkavuka kwenda Mostar, mmetoka Schengen. Bila viza ya kuingia zaidi ya mara moja hamtarudi. Na masharti ya Bosnia yenyewe yaulizieni ubalozini kabla ya kulipia chochote.

Viza ya Schengen naombea ubalozi gani kama napita nchi tatu? (Msomaji, Arusha)

Wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, wa nchi utakayoingia kwanza. Si kila nchi ina ubalozi jirani. Nyingine huwakilishwa na wenzao, kwa hiyo ulizia mapema. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe zaidi ya siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na hairudishwi ukinyimwa. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Pasipoti ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka. Mpango wako wa siku kwa siku uandike kweli: afisa akiona nchi saba kwa siku nane, hata mimi ningeuliza maswali.

Shikamoo. Nataka kumpeleka mama, ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Asichoke wala asijione mzigo. (Msomaji, Mwanza)

Marahaba. Mpeleke Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, ambao kwa ukubwa ni mdogo wa kukaa kiganjani. Katikati magari yalipigwa marufuku kuanzia 2007, na kuna vigari vya umeme viitwavyo Kavalir vinavyobeba watu bure ndani ya eneo hilo. Ngome iko juu ya kilima, lakini kuna kiberenge cha reli kinachopanda hadi juu, hivyo mama hatapanda ngazi.

Mumuonyeshe kazi za Jože Plečnik, msanifu aliyeufanya mji uwe ulivyo baada ya tetemeko la 1895 na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kulikuwa na daraja moja la zamani lenye msongamano. Yeye hakulibomoa, aliongeza madaraja mawili ya waenda kwa miguu pembeni, na sasa yanaitwa Madaraja Matatu. Soko la kando ya mto lenye nguzo ni lake pia. Mkae hapo mwagize chai. Siku moja mpande basi kwenda ziwa Bled, mle keki yao ya krimu, mrudi jioni.

Usimpeleke Girona ya Hispania, hata ukisikia sifa zake. Ni mzuri, na kanisa lake kuu lina ukumbi wa Kigothi mpana kuliko wote duniani, karibu mita 23, lakini kuufikia ni ngazi juu ya ngazi.

Kuna mji mdogo wa huko wenye alama ya watu wetu? (Msomaji, Unguja)

Jena, Ujerumani. Ni hapo alipofariki mwaka 1924 Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyeondoka Unguja 1866, akaolewa Aden na Mjerumani Rudolph Heinrich Ruete na kuitwa Emily Ruete. Mumewe alikufa mapema, 1870, akamwacha na watoto wadogo. Kumbukumbu zake alizichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886. Kaburi lake liko Hamburg, si Jena. Jena yenyewe ni mji wa wanafunzi na wa lenzi: Carl Zeiss alifungua karakana yake hapo 1846, na jumba la kuonyeshea nyota la mji huo, lililofunguliwa 1926, bado linafanya kazi.

Ukiwa upande huo shuka hadi Bayreuth. Watalii huenda kwa ajili ya mtunzi wa opera Wagner na jumba la opera la karne ya 18, lenye ndani yote ya mbao na dhahabu. Wasomi wa Kiswahili huenda kwa ajili ya kongamano lao katika chuo kikuu cha mji huo, linalofanyika kwa miongo kadhaa sasa.

Nina fedha kidogo. Wapi? (Msomaji, Eldoret)

Olomouc, Jamhuri ya Czech, saa mbili na kitu kwa treni kutoka Prague. Hawatumii yuro, hutumia koruna, na chakula cha mchana cha mgahawani hakitakuumiza. Kuna nguzo ya Utatu Mtakatifu ya mita 35 uwanjani, na saa ya ukutani iliyotengenezwa upya miaka ya 1950: badala ya watakatifu na wafalme, wanaojitokeza saa sita mchana ni wafanyakazi. Jibini lao liitwalo tvarůžky linanuka mno. Lionje nje ya chumba.

Mwezi gani ni mzuri? (Msomaji, Kampala)

Mei na Septemba. Julai na Agosti bei hupanda, na Évora huweza kukaribia nyuzi 40. Desemba Colmar ya Ufaransa ni ya kupendeza, yenye masoko ya Krismasi, ila vyumba huisha mapema na mikono itaganda.

Hallstatt nimeiona mtandaoni. Niende? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ni kijiji cha Austria chenye watu wasiofika elfu moja, na siku za msimu hupokea maelfu ya wageni. Wenyeji wameshaandamana kulalamika. Kama umeshalipia, lala usiku mmoja usiende na kurudi siku hiyo hiyo. Kituo cha treni kiko ng'ambo ya ziwa na abiria huvushwa kwa mashua inayosubiri treni. Angalia saa ya mashua ya mwisho kabla hujaagiza chakula cha jioni.