Mafunzo Niliyopata Nikitazama Tamthilia za Uhalifu wa Kweli

Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye benchi la waandishi katika mahakama za Dar es Salaam, Kisutu zaidi, nikiandika nani kashtakiwa kwa lipi, shahidi gani kasema nini na kesi imeahirishwa hadi lini. Kazi hiyo humharibu mtu. Hawezi tena kutazama tamthilia ya uhalifu uliotokea kweli kama wanavyoitazama wenzake sebuleni. Wao wanataka kujua nani atakamatwa. Yeye anataka kujua maneno yale yametoka katika ushahidi wa nani. Wapwa zangu wamekwisha kunizoea. Sehemu moja ikiisha, kabla hawajafungua nyingine, mmoja lazima aniulize, "Mjomba, na hii nayo ilitokea?" Ili nisiwajibu kwa kubahatisha, nikaanza kusoma hukumu na habari za kesi zenyewe. Haya ndiyo niliyoyapata huko.

1. Gari la zamani si ushahidi

Watengenezaji husifiwa kwa vitu vinavyoonekana: gari la mwaka ule, simu ya kuzungusha, suruali za bugaluu, hata chupa ya bia iliyo mezani. Ni kazi nzuri, ila ndiyo sehemu rahisi. Fedha ikiwepo, vyote hivyo hununuliwa.

Narcos, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2015, ndiyo iliyonifumbua macho. Mtaani kwetu watu waliiona kwenye vibanda umiza, mtafsiri akiongeza chumvi yake juu ya ile ya waandishi. Tamthilia yenyewe inachanganya picha halisi za habari za Colombia na picha za kuigiza, mpaka mtazamaji hajui amevuka mpaka saa ngapi. Nami niliamini kila kitu mpaka nilipoanza kumtafuta Kanali Horacio Carrillo, yule anayemwandama Pablo Escobar, mkubwa wa biashara ya dawa za kulevya, hadi Escobar anampiga risasi kwa mkono wake mwenyewe. Hayupo. Ametungwa. Kamanda wa kweli wa kikosi cha polisi kilichomsaka Escobar, Hugo Martínez, hakuuawa na Escobar. Escobar ndiye aliyeuawa juu ya paa mjini Medellín, tarehe 2 Desemba 1993, baada ya mtoto wa kamanda huyo, naye askari polisi, kumnasa kwa mtambo wa kufuatilia mawimbi ya simu.

Kwa hiyo tamthilia imembebesha Escobar mauaji ambayo hakuyafanya. Utasema, kwa mtu mwenye orodha ndefu kama yake, moja zaidi ni kitu gani? Mahakamani hatuhesabu hivyo. Kila kosa lina shtaka lake na ushahidi wake. Mwaka 2016 mtoto wa Escobar alitoa orodha ya makosa 28 aliyoyaona katika msimu wa pili. Ana maslahi yake, ndiyo, lakini maelezo ya mwenye maslahi nayo hupokelewa, kisha yakapimwa.

2. Kufupisha muda kunaruhusiwa

Kesi ya kweli inachosha. Anayefuatilia mahakama zetu anajua: upelelezi haujakamilika, hakimu ana udhuru, shahidi hakufika, turudi baada ya siku 14. Hakuna runinga itakayoonyesha watu wanaosubiri jalada. Sina ugomvi na mwandishi anayeifanya miaka ishirini kuwa saa nne, maadamu kila mtu anabaki na alichokifanya.

Mfano wangu ni Mr Bates vs The Post Office, iliyorushwa na ITV ya Uingereza mwanzoni mwa Januari 2024 kwa sehemu nne. Posta ya Uingereza ilikuwa imewafungia mawakala wake mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulikuwa na kasoro na ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Mawakala walishurutishwa kulipa kutoka mifukoni mwao. Waliogoma au walioshindwa walishtakiwa kwa wizi na hesabu za uongo. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wengi wao katika kesi zilizofunguliwa na Posta yenyewe. Yaani mlalamikaji, mpelelezi na mwendesha mashtaka walikuwa kitu kimoja. Niliposoma hapo niliweka karatasi chini nikatembea kidogo.

Kuna mahali katika tamthilia Jo Hamilton, wakala wa kijijini, anapiga simu ya msaada akafuata maelekezo, na deni likajizidisha mara mbili mbele ya macho yake. Ukiona utadhani ni chumvi ya mwandishi. Lilitokea hivyohivyo. Kilichotungwa ni mkaguzi wa hesabu anayewasaidia mawakala: katika maisha walikuwa wawili, tamthilia ikawafanya mmoja na kumpa jina jingine. Hakuna lawama iliyohama kwa sababu hiyo, wala sifa haikwenda kwa asiyestahili.

Jambo linaloniuma kama mwandishi wa habari ni kwamba yote haya yalikwisha kuandikwa. Gazeti la Computer Weekly liliyachapisha mwaka 2009. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2019 kwamba mfumo ule haukuwa wa kuaminika. Mahakama ya Rufani ilifuta hatia 39 kwa siku moja mwaka 2021. Wananchi wengi walikuwa hawajali. Tamthilia ilipokwisha, mkuu wa zamani wa Posta alisema anarudisha nishani yake, na kufika Mei 2024 Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuwafutia mawakala hatia zao kwa mkupuo.

3. Ukimhamisha shahidi, umehamisha ushahidi

Hili limenikaa kuliko yote.

Netflix ilipoonyesha Dahmer, kuhusu muuaji wa jina hilo, mwaka 2022, mtu aliyebeba uchungu wa sehemu kumi zile alikuwa jirani yake, Glenda Cleveland. Anaishi mlango wa pili. Harufu inamfikia kupitia tundu la hewa. Anasikia sauti usiku. Anapiga simu polisi na hakuna anayemsikiliza, kwa kuwa ni mwanamke mweusi katika mtaa wa watu weusi wa Milwaukee.

Cleveland alikuwepo, na alipiga simu kweli. Tarehe 27 Mei 1991 binti yake na mpwa wake walimkuta mtoto wa miaka 14 barabarani akiwa uchi, anavuja damu. Askari walifika, wakamsikiliza Dahmer, wakamrudisha mtoto yule ndani. Cleveland alipiga simu tena na tena kuuliza ilikuwaje. Akajibiwa kwamba yule ni mtu mzima. Mtoto aliuawa usiku huo. Kabla Dahmer hajakamatwa tarehe 22 Julai, aliua wengine wanne. Jumla yao ilikuwa 17, tangu mwaka 1978.

Lakini Cleveland hakuishi mlango wa pili. Aliishi jengo jingine, la jirani. Aliyepanga ng'ambo ya korido alikuwa mwanamke mwingine, na aliyoyapitia huyo yakahamishiwa kwa Cleveland. Waandishi watajibu kwamba ni mambo madogo, wamewaunganisha watu wawili kama ilivyofanyika kwa wakaguzi wa Horizon. Hapana. Wale wakaguzi walifanya kazi moja. Hawa walikuwa mashahidi wa mambo tofauti. Mwanamke anayenusa harufu ukutani mwake kila siku ana sababu ya kupiga simu. Mwanamke wa jengo jingine, asiyenusa chochote, ambaye anashika simu kwa sababu tu watoto wake wamemwambia walichokiona, na haiachi simu hiyo, huyo ni mtu wa namna nyingine. Wakili yeyote wa utetezi angekuonyesha tofauti hiyo kwa maswali mawili: Ulikuwa wapi? Uliona mwenyewe au uliambiwa? Tamthilia ilitaka kumkuza Cleveland, ikampunguza. Na lawama ya polisi ikapungua pamoja naye, kwa kuwa ushahidi waliopewa mkononi siku ile, mtoto mwenyewe akiwa amesimama mbele yao, ulikuwa mzito kuliko harufu yoyote.

4. Anayesema "hii ni hadithi ya kweli" amekula kiapo

Shahidi akikwisha kuapa, anapimwa kwa kipimo kingine. Baby Reindeer, ya Aprili 2024, ilifunguliwa kwa kumwambia mtazamaji kwamba ni hadithi ya kweli. Mwandishi wake, Richard Gadd, aliigiza yaliyompata yeye mwenyewe kwa mwanamke aliyekuwa akimfuatafuata. Jina la mwanamke lilibadilishwa. Haikusaidia: watazamaji walichimbua mitandaoni wakampata mtu wanayemdhania katika muda mfupi sana, na Juni akafungua kesi Marekani akidai dola milioni 170.

Shida kubwa iko mwishoni mwa tamthilia, ambapo mhusika huyo wa kike anakiri kosa na kufungwa jela. Septemba 2024 jaji aliruhusu madai ya kashfa yaendelee, akieleza kwamba kumfuatafuata mtu ni jambo moja, na kutiwa hatiani na mahakama kwa kosa hilo ni jambo lingine kabisa. Ningependa sentensi hiyo ibandikwe katika kila chumba cha habari na kila ofisi ya watunzi. Kwetu mtu akipelekwa kituoni jioni, asubuhi mtaa mzima umekwisha kumwita mfungwa.

5. Kuwa upande wa haki si ruhusa ya kumtungia mtu maneno

When They See Us ya Ava DuVernay, iliyoonyeshwa na Netflix mwaka 2019, inahusu vijana watano wa New York, wa miaka 14 hadi 16, waliokamatwa baada ya mwanamke kushambuliwa katika bustani ya Central Park mwezi Aprili 1989. Wanne kati yao walirekodiwa kwenye video wakikiri baada ya kuhojiwa saa nyingi. Walifungwa. Mwaka 2002 mtu mwingine alikiri, vinasaba vikamthibitisha, hukumu zao zikafutwa. Mwaka 2014 jiji likakubali kuwalipa dola milioni 41. Katika kiini cha jambo, DuVernay yuko sahihi, na sehemu ya mwisho sikuweza kuitazama kwa mkupuo mmoja.

Ila Linda Fairstein, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha makosa ya kingono katika ofisi ya waendesha mashtaka, alishtaki akisema amewekewa maneno na matendo ambayo hayakuwa yake. Waliafikiana Juni 2024, kesi ikikaribia kusikilizwa. Yeye hakulipwa, Netflix ilikubali kutoa dola milioni moja kwa Innocence Project, shirika linalotetea waliofungwa kimakosa, na lile tangazo kwamba baadhi ya mambo yametungwa likahamishwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Simtetei Fairstein. Nasema kwamba yaliyomo katika kumbukumbu za kesi ile yalitosha kumhukumu, na sentensi moja ya kutunga ilimpa pa kusimamia.

6. Kunakili sawasawa nako kunaumiza

Nilidhani ukweli kamili ndio dawa. Kisha nikasoma aliyoyaandika dada wa mmoja wa waliouawa na Dahmer. Mwaka 1992 alisimama mahakamani akalia na kumfokea muuaji mbele ya kamera. Tamthilia ilirudia tukio hilo neno kwa neno, nguo kwa nguo, nywele kwa nywele. Hakuna kosa hata moja. Ila yeye hakuulizwa, hakupigiwa hata simu. Kwetu huingii msibani ukamwiga mfiwa anavyolia, hata kama unaiga vizuri.

BBC walionyesha njia nyingine kwa Four Lives, kuhusu vijana wanne waliouawa na Stephen Port mashariki mwa London mwaka 2014 na 2015. Ilikuwa iitwe kwa jina la mtaa, Barking, na mauaji yake. Wakaipa jina la maisha yale manne. Ikawekwa kabatini hadi baraza la uchunguzi wa vifo lilipomaliza kazi Desemba 2021 na kusema kwamba uzembe wa polisi kwa uwezekano mkubwa ulichangia vifo vitatu. Ilirushwa Januari 2022. Kusubiri hakukuwapunguzia chochote.

7. Angalia nani hana maneno

Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, mlowezi Lord Erroll alikutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake karibu na Karen, nje ya Nairobi. Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa, akaachiwa huru Julai Mosi, na hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani. Kuna kitabu, kuna filamu, kuna tamthilia, zote zimejaa vinywaji na wapenzi wa walowezi. Waliolikuta gari ni Waafrika wawili waliokuwa wakipeleka maziwa. Nani anawakumbuka?

Nawaambia haya vijana wetu wanaoandika tamthilia sasa, maana kesi za kuandikia hazitaisha. Hukumu za mahakama zetu zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII, na za Kenya kwenye Kenya Law. Someni hukumu kabla hamjaandika mstari wa kwanza, halafu nendeni kwa wafiwa mkabishe hodi.