Asili na Maana ya Jina "Tanzanaiti"

Majina ya vito yaliyozoeleka katika Kiswahili, kama vile almasi, yakuti, zumaridi na feruzi, yaliingia lughani kutoka Kiarabu na Kiajemi kwa njia ya biashara ya baharini. Tanzanaiti, kwa upande wake, ni kito kilichogunduliwa nchini mwaka 1967, huko Mererani wilayani Simanjiro. Ingetarajiwa basi kwamba jina lake lilizaliwa hapohapo. Sivyo ilivyokuwa.

Kimadini, kito hiki ni aina ya zoisaiti, jina lililotolewa mwaka 1805 kwa heshima ya Žiga Zois, kabaila wa Slovenia aliyekuwa mkusanyaji wa madini. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ilikipa jina jipya kwa ajili ya soko. Inasimuliwa kuwa matamshi ya "zoisaiti" yalikaribiana mno na neno la Kiingereza lenye maana ya kujiua, jambo lisilofaa kwa pambo la kuvishwa wachumba.

Jina jipya liliundwa kwa kuambatisha kwenye jina la nchi kiambishi tamati chenye asili ya Kigiriki, ambacho hutumika kutaja madini. Jina la nchi nalo lilikuwa changa: lilianza kutumika rasmi Oktoba 1964, likiwa limeunganisha mianzo ya Tanganyika na Zanzibar. Katika kuambatisha huko, kiishio -ia kilidondoshwa. Kilichosalia ndani ya kito ni Tan- na -zan- tu, yaani washirika wawili wa Muungano.

Linalostahili kuzingatiwa zaidi ni umbo la Kiswahili. Kama neno lingechukuliwa kwa kufuata maandishi, lingekuwa *tanzaniti. Mfuatano wa irabu -ai- unadhihirisha kwamba lilipokelewa kwa sikio, kutoka vinywani mwa wasemaji wa Kiingereza. Kwa hiyo tanzanaiti, licha ya mzizi wake, ni neno la mkopo: lilisafiri likiwa Tanzania, likarejea na matamshi ya ugenini. Sarufi haikupata taabu nalo. Liliingizwa katika ngeli ya N (tanzanaiti hii, tanzanaiti hizi) sawa na almasi.

Tsavoraiti ilikuwa na bahati tofauti. Kito hicho cha kijani nacho kilionekana kwanza kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, lakini kampuni ileile ilipokitangaza mwaka 1974, jina lilitokana na Tsavo, nchini Kenya, kilikopatikana baadaye.